Nani Alikula Giga Zetu? Tufungue Logi Mbele ya Kufungua Mdomo

Kamarade wa Butembo, kamarade wa Beni, wanainchi wote munaotusoma toka Oicha, Mangina, Kasindi, Lubero na mbali zaidi,

Mwezi wa 9 saiti yetu ilizimika siku sita. Munakumbuka. Tarehe 1 tulitoa memorandumu juu ya vizuizi na franga zinazoombwa njiani kati ya Butembo na Beni. Tarehe 12, magaribi, kila aliyefungua saiti alikuta ukurasa mweupe na mstari mmoja wa Kiingereza: saiti imepita kiasi chake cha data, rudi baadaye. Siye tunalipia giga 50 kwa mwezi. Mwezi wa kawaida tunatumia giga 6 hivi. Safari hii giga 50 ziliisha kwa siku 12.

Nani alizikula?

Katika grupu yetu ya WhatsApp jibu lilipatikana kwa dakika ishirini. Ninaliandika vile lilivyotoka, bila majina:

"Ni baservice. Bametushambulia juu ya memo."

"Hapana, iko mutu wa ndani. Ule wa Beni ndiye iko na mot de passe."

"Aliweka mafilme kwenye seva yetu, anauzisha."

"Franga ya seva ameikula, mutaona."

"Infiltré. Miye nilisemaka toka zamani."

Kisha mtu akaandika jina lake lote na kartie anayokaa. Mwingine akatuma picha yake. Admin akamtoa ndani ya grupu, basi hata kujibu hakuweza. Asubuhi ile picha ilikuwa imefika katika magrupu ambayo si yetu, na neno "agent" chini yake. Kijana alilala usiku mbili nyumba ya watu wengine. Mama yake hakwenda soko siku hizo mbili.

Miye nilikuwa ndani ya ile grupu. Nilisoma yote, sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba asiyesema hana kosa. Ni uongo. Nilikuwa na diploma ya informatike katika kabati, nilijua kwamba jibu liko ndani ya faili moja ya seva, na niliacha watu wapige kelele usiku mzima. Ndiyo maana leo ninaandika hapa mbele ya wote, juu yeye pia alishitakiwa mbele ya wote.

Tukumbuke tunaishi wapi

Kuko wanaosema: "Aa, hayo ni maneno ya WhatsApp tu, yatapita." Mtu anayeishi inchi ya utulivu anaweza kusema vile. Siye wa Butembo na Beni hatuna haki ya kusema vile.

Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tulikuwa na Ebola. Watu 3,470 waligonjwa, 2,287 walikufa. Ndani ya hiyo miezi, neno lilikuwa linatembea kuliko ugonjwa: kwamba Ebola ni biashara, kwamba wanaochanja ndio wanaoua, kwamba aliyeingia ndani ya kituo hatoki mzima. Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mukameruni aliyekuja kututunza, aliuawa kwa risasi hapa Butembo, ndani ya hospitali. Waliopiga risasi walikuwa na bunduki. Wengi wetu hatukuwa na bunduki, tulikuwa na simu, na tulikuwa tunatuma.

Ninajua shaka yetu ina sababu. Tarehe 30 Desemba 2018 inchi yote ilipiga kura, lakini Beni, Butembo na Yumbi tuliambiwa tungoje mpaka Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapa. Vijana wa Beni walipanga mstari wao wenyewe siku ile na kupiga kura ya kuonyesha kwamba tuko watu. Kesho yake intaneti ilikatwa inchi yote, karibu siku ishirini. Mtu aliyepita pale, saiti ikizimika, wazo la kwanza ni serikali. Si wazimu. Lakini shaka yenye sababu bado haijakuwa ushahidi. Shaka inakupa ruhusa ya kuchunguza, haikupi ruhusa ya kutuma picha ya mtoto wa mtu.

Logi ilisema nini

Siku ya tatu nilimtafuta yule kijana. Alinipa maneno ya siri yote bila kuuliza swali. Mwizi hafanyi vile, lakini hilo pia si ushahidi, basi tuendelee.

Kwanza nilitazama hesabu ya matumizi kwa siku. Mpaka tarehe 1 tulikuwa tunatoa mega 200 hivi kila siku. Toka tarehe 2 ilipanda mpaka giga 4 na zaidi, kila siku, mchana na usiku, hata saa ambazo Butembo yote haina kura. Nikatazama kile kihesabu cha wasomaji kilicho chini ya saiti: watu 300 kwa siku, kama kawaida. Hapo wengi wangesema: "Munaona? Watu hawakuongezeka, basi kuna mwizi." Lakini kile kihesabu kinafanya kazi ndani ya simu ya msomaji. Anayekuja bila kufungua ukurasa kama mtu anavyofungua, hakimuoni. Ni kama mulinzi anayehesabu wanaopita mlangoni tu, na nyuma ya nyumba ukuta umeanguka.

Basi ni lazima kufungua logi. Logi ni daftari ya seva. Kila mara mtu ao mashine inaomba ukurasa, picha ao faili, seva inaandika mstari mmoja: anwani ya aliyeomba, saa, kitu alichoomba, kama alipewa ao alikataliwa, ukubwa wa kile alichopewa, ukurasa uliomtuma, na jina ambalo programu yake inajipatia. Hakuna siri kubwa pale. Niliishusha katika chumba cha intaneti kule Furu, nikapanga mistari mara tatu: kwa faili, kwa anayeomba, kwa mahali anapotoka. Kazi ilichukua siku moja na nusu juu ya kura kukatika. Haya ndiyo yaliyotoka.

Giga 25 zililiwa na faili moja: memorandumu yetu wenyewe. Kurasa 24, kila ukurasa ni picha iliyopigwa na simu, jumla mega 18. Ilishushwa mara 1,400. Wasomaji kweli walikuwa karibu 150. Zingine zote zilikuwa za roboti mbili, mashine zinazotembea intaneti kukusanya maandiko na picha. Kwa nini roboti ishushe faili moja mara mia kadhaa? Juu kwenye saiti yetu tuliweka kalenda, ile yenye kishale cha "mwezi unaofuata". Mtu anabonyeza mara mbili anachoka. Roboti haichoki. Ilikuwa imefika mwaka wa 2090, mwezi kwa mwezi, na kila ukurasa wa kalenda ulikuwa unaipa kiungo cha memorandumu chenye mkia tofauti. Kwake kila mkia ni faili mpya. Ikashusha tena. Kurasa za kalenda zenyewe, karibu 60,000, zilikula giga 6.

Giga 13 zililiwa na picha moja. Picha ya msururu wa magari kwenye kizuizi, mega 5, vile ilivyotoka kwenye simu. Ukurasa mmoja wa habari, wa mbali, uliipenda. Haukuichukua na kuiweka kwake. Uliandika tu anwani ya picha yetu, basi kila msomaji wake anapofungua, picha inatoka kwenye seva yetu. Mara 2,600. Wao wanapata wasomaji, siye tunalipa usafirishaji.

Giga 3 na kitu zilikuwa picha zetu zingine, zilizobebwa na roboti zilezile.

Wasomaji wetu, wale 300 wa kila siku: giga 2 na nusu hivi. Munasikia? Kwa giga 50, watu tuliowatengenezea saiti walipata hizo na zile nakala karibu 150 za memorandumu tu.

Na ile iliyotuogopesha zaidi? Ndani ya logi kulikuwa kweli na watu, ao mashine, waliojaribu kuotea neno letu la siri. Mara 40,000, toka inchi nyingi. Ukiona mistari hiyo unatoka jasho. Lakini kila mara seva iliwajibu kwa kilobaiti 3 tu: "hapana". Zidisha: mega 120. Haijaza hata nusu ya giga moja. Kupiga hodi mara mingi si kuingia, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Majaribio ya namna ile yanafika kwenye saiti yoyote duniani, hata ya muuza maua.

Filme hakuna. Nilitafuta faili kwa faili. Franga za seva zilikuwa zimelipwa, na karatasi ya malipo iko. Yule kijana alikuwa amelipa miezi miwili toka mfukoni mwake, juu mchango wetu ulichelewa. Hakumuambia mtu. Ndiye tuliyemuita mwizi.

Siye pia tulikula

Hapa wengine watafurahi: "Basi kosa ni la roboti." Ngojeni kwanza.

Nani aliweka memorandumu ya mega 18? Siye. Tulikuwa na haraka, tukapiga picha za karatasi, tukatupa mtandaoni. Mama wa Oicha anayenunua mega 100 ili aongee na watoto wake, siye tulimuomba mega 18 ili asome malalamiko yake mwenyewe. Karibu moja ya tano ya forfait yake. Halafu tunaandika kwamba tuko upande wa watu wadogo.

Ile memorandumu niliichapa upya, herufi kwa herufi, jioni nne. Sasa ina kilobaiti 300. Maneno ni yaleyale. Faili moja ya zamani inalingana na sitini za leo. Picha tumezipunguza mpaka kilobaiti 150, na kwenye simu huwezi kuona tofauti. Kalenda tumeiondoa, hakuna aliyeililia. Picha zetu hazifunguki tena kwenye saiti za wengine. Zile roboti mbili tuliziandikia kwanza ile faili ya kuomba kwa adabu, robots.txt, inayosema "hapa usipite". Moja ilisikia. Ya pili haikusikia, tukaifungia mlango kwenye seva. Mwezi wa 10 tumetumia giga 4, pungufu kuliko zamani, na wasomaji wameongezeka.

Gharama ya dawa yote hiyo: dola sifuri. Gharama ya usiku ule wa WhatsApp: ulizeni mama yake.

Wakubwa pia wanakula, na kuko namna ya kuwashika

Swali la "nani anakula?" si jipya katika Kongo. Septemba 2020 serikali ilileta RAM, rejista ya simu. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Hatukuitwa kwenye kaunta kulipa. Unite zilikuwa zinakatwa ndani ya simu, kidogo kidogo. Unaweka unite asubuhi, mchana unakuta zimepungua, hujapiga simu hata moja. Watu wangeweza kumshika mdogo aliyeazima simu, ao muuza unite wa kwenye kona. Walifanya nini? Walilinda mesaji za makato, walihesabu, walilinganisha mtu na mtu, walionyesha. Harakati za raia zilipaza sauti, mambo yakafika bungeni, waziri Augustin Kibassa akaulizwa ile pesa inaenda wapi. Mwanzoni mwa 2022 RAM ilifutwa. Ilifutwa juu watu wengi walikuwa na hesabu mkononi.

Na roboti nazo si jambo la Butembo tu. Mwaka wa 2025 Wikimedia, wale wenye Wikipedia, walisema kwamba data inayotoka kwao kwa picha na video imepanda 50% toka Januari 2024, na si juu ya wasomaji, ni juu ya mashine zinazokusanya vitu vya kufundishia akili bandia. Walisema pia kwamba katika maombi yanayowagharimu zaidi, 65% ni ya roboti. Mei 2024 Read the Docs, saiti inayohifadhi vitabu vya maelezo vya waandika programu, ilishushiwa tera 73 na roboti moja kwa mwezi mmoja, na hasara ikapita dola 5,000. Tera 73, kwa giga zetu 50 za kila mwezi, ni matumizi ya miaka zaidi ya 120.

Hapo ndipo hasira yetu iende. Kakao ya Beni inaondoka kwa magunia, siye tunabaki na vumbi la barabara. Sasa hata ushuhuda wetu wa vizuizi, wa mashamba yaliyoachwa, wa watu wetu waliouawa, mashine inakuja kuuchukua usiku bila hodi, mara elfu, na bili ya usafiri inafika kwa vijana wasio na kazi wanaochanga franga 2,000. Kampuni zinazofanya vile zina franga za kutosha kuzisomesha mashine zao adabu: zishushe mara moja, ziheshimu robots.txt, zipungue saa seva ni ndogo.

Lakini angalieni: Wikimedia na Read the Docs walijuaje? Walisoma logi, walitoa namba. Hawakufukuza mfanyakazi usiku kwa picha na jina.

Majibu kwa wanaopinga

Kamarade mmoja aliniambia: "Tufunge saiti, tubaki Facebook na WhatsApp, ni bure." Si bure. Pale tuko wapangaji. Siku mwenye nyumba anafuta ukurasa, hatuna daftari ya kufungua wala mlango wa kupiga. Saiti ni kiwanja chetu, hata kama ni kidogo.

Mwingine: "Ukifungia roboti, dunia haitajua mateso yetu. Leo watu wanauliza mashine." Ni neno la kweli, ninaliheshimu. Ndiyo maana hatukufunga zote. Zinazosaidia watu kututafuta zinaingia. Ile iliyosikia tulipoiomba inaendelea kuingia, na maandishi yetu mepesi iko nayo. Tuliyoifungia ni ile iliyokataa kusikia. Kumkaribisha mgeni si kumuachia chungu chote.

Wa tatu ni yaya yetu mmoja, mtu wa zamani katika mapambano, ambaye ninamuheshimu: "Katika hii état de siège, heri kushuku kumi wasio na kosa kuliko kuachia infiltré mmoja." Yaya, na heshima yote: hiyo ndiyo akili ya état de siège yenyewe. Toka tarehe 6 Mei 2021 tunaongozwa na wanajeshi, raia anafikishwa mbele ya waamuzi wa kijeshi, na kila siku tunaandika kwamba mtu hawezi kufungwa bila ushahidi na bila kusikilizwa. Tutaandika vile mchana, halafu usiku tufanye korti ya dakika ishirini ndani ya simu, bila mshitakiwa? Basi tumeshinda nini? Na infiltré wa kweli, kama yuko, atapenda nini kuliko grupu inayojikata mikono yenyewe?

Tunachoomba

Viongozi wetu wamesema: "Hayo tutayamaliza ndani." Hapana. Mashitaka yalitoka inje, msamaha pia utoke inje. Ninaomba, na wengine wanane wa Butembo na Beni wanaomba pamoja nami:

1. Harakati itoe hapa, kwenye ukurasa huu, neno la kuomba msamaha kwa yule kamarade na familia yake, na kila aliyetuma picha yake atume hilo neno katika grupu zilezile. Jina lake lisiandikwe tena, yeye mwenyewe ndiye ameomba vile.

2. Mtu asitajwe jina kwa kosa mbele ya watu watatu kusoma ushahidi, na asitolewe grupu mbele ya kujibu.

3. Kila mwisho wa mwezi tutoe hesabu: giga ngapi, dola ngapi, nani alichanga, nani alilipa. Mulinzi wa saiti asilipe tena kwa siri, ni heshima kubwa lakini inazaa matata.

4. Maneno ya siri yashikwe na watu watatu, wa Butembo na wa Beni. Aliyeyashika peke yake ndiye anayeshukiwa peke yake.

5. Logi isomwe, lakini isitembezwe. Mule ndani kuna anwani za wasomaji wetu. Katika grupu kuna waliotaka niitume "ili kila mtu ajionee". Nilikataa, na nitakataa tena. Hesabu tutatoa. Orodha ya wanaotusoma hatutampa mtu, na mistari ya zamani tutaifuta kila mwezi.

6. Faili inayopita mega 1 isipande bila sababu. Andiko ni andiko, tulichape. Kuna vijana wengi na diploma wanaokaa bila kazi, jioni nne hazituui.

Ninamaliza na lile nililoanza nalo. Miye nilinyamaza. Nilimwendea yule kijana Beni, nikamuambia mbele ya mama yake kwamba nilinyamaza na kwamba ninaomba msamaha. Mama alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Ile mashine yenu, inaandika kila kitu?" Nikamuambia ndiyo, mama, kila kitu. Akasema: "Basi kwa nini mulianza na mwanangu?"

Kamarade, jibu la hilo swali siko nalo peke yangu. Tulijibu pamoja, hapa, kwa maandishi.

Haki haiombwi kwa uvumi. Mapambano yanaendelea!

Imeandikwa Butembo, mwisho wa mwezi wa 10, 2025
Mwanachama mmoja, kwa niaba ya tisa